Kabla ya Kuvuka Songwe

Mtu anaweza kulipa nauli, akagongewa muhuri mpakani, akasimama mbele ya kabati la kioo, akasoma kibao kinachomweleza jinsi mababu zake walivyoishi, kisha akarudi nyumbani vile vile alivyoondoka. Hilo linawezekana, tena hutokea kila siku. Swali langu ni jingine. Je, kwa kufanya hivyo kuna mtu aliyemkosea? Au ni nauli tu imepotea, na nauli ni mali yake mwenyewe?

Ndugu msomaji, swali hili sikuliokota vitabuni. Limezuka katika kikundi chetu cha waandishi chipukizi hapa Kyela, na limetugawa. Kikundi kina akiba ndogo, michango ya vijana ambao mifuko yao inajulikana: mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza mchele, wawili wanafundisha kwa kujitolea, waliobaki wanasubiri kakao ya wazazi wao ikauke. Akiba hiyo inatosha jambo moja tu. Ama tuchapishe kijitabu cha hadithi zetu, ama tuvuke mto Songwe twende Karonga, upande wa Malawi, tukaone jumba la makumbusho. Yote mawili kwa mpigo hayawezekani, labda tuuze viatu.

Wanaotaka kijitabu wana maneno makali. Wanasema kazi ya mwandishi ni kuandika, si kutembea. Wanasema makumbusho ni starehe ya watalii wenye kamera na ya watoto wa shule wanaoletwa kwa basi. Mmoja wao, mtu wa utani sana, aliuliza huyo mjusi wa Karonga anatudai nini hata tumfuate na pesa mkononi. Tulicheka wote. Lakini kicheko kilipokwisha swali lilibaki pale pale. Kweli, anatudai nini?

Mimi niko upande wa kwenda. Ila nataka twende kwa masharti, na masharti hayo ndiyo makala yenyewe.

Tuanze na kilichopo. Karonga si mbali. Ukishavuka daraja pale Kasumulu, ni kama kilomita 50 hivi kando ya ziwa. Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka 2004, na maonyesho yake yamepewa jina linaloanza na dinosaria na kuishia na demokrasia. Limeweka pamoja habari za ardhi, za wanyama na za watu. Kuna umbo la mifupa ya Malawisaurus, mnyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita na ambaye mabaki yake yalichimbwa katika wilaya hiyo hiyo. Mtaalamu mmoja alimwandika mwaka 1928 kwa jina jingine. Hili la Malawisaurus alilipata mwaka 1993. Halafu kuna habari ya taya. Mwaka 1991, mahali paitwapo Uraha, kusini ya mji wa Karonga, Mmalawi Tyson Msiska, aliyekuwa akifanya kazi na kundi la watafiti la Friedemann Schrenk na Timothy Bromage, aliokota taya la chini la kiumbe wa ukoo wetu. Umri wake umekadiriwa kuwa karibu miaka milioni 2.4. Yaani ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya jamii ya binadamu yaliyokwisha kuonekana popote duniani, na yalikuwa yamelala kwa jirani.

Kisha tupo sisi wenyewe. Ng'ambo ile wanaishi Wangonde, ng'ambo hii Wanyakyusa. Lugha zetu zinasikilizana, ndizi zetu zinafanana, na koo nyingi zina ndugu pande zote mbili. Mpaka wa Songwe ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, uliotiwa sahihi Berlin pasipo mtu wa huku kuulizwa hata neno moja. Tangu hapo ndugu wawili wakitazamana juu ya maji ya mto, kila mmoja ni mgeni kwa mwenzake. Hata ziwa lina majina mawili: sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na serikali zetu bado hazijakubaliana mpaka upite wapi majini.

Kwa hiyo tukienda Karonga hatuendi ugenini kabisa, wala hatuendi nyumbani kabisa. Tunakwenda kusoma habari zetu zilizotunzwa na jirani. Hapo ndipo jambo linapoanza kuwa zito, kwa sababu vilivyomo ndani ya jumba kama lile si vya aina moja, na wala havitudai deni moja. Mfupa wa mnyama, mfupa wa mtu, na chungu cha mama fulani vinaweza kukaa chini ya paa moja, na kila kimoja kina kesi yake.

Chukua mfupa wa mnyama. Tanzania tunao mfano unaojulikana dunia nzima. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, mkoani Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na njia ya kutoka kilimani hadi bandarini Lindi ilikuwa ya vichwa na mabega ya watu. Mjusi mkubwa kuliko wenzake alisimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na yuko pale mpaka leo. Kila baada ya muda mtu husimama hapa nchini na kusema mjusi arudishwe. Mwingine hujibu kwamba akirudi atatunzwa na nani. Ubishi huo ni wa halali, lakini naona unaruka jambo la kwanza. Mnyama yule hakuwa Mtanzania. Alikufa miaka kama milioni 150 kabla ya kabila lolote kuwa na jina. Jasho lililomtoa ardhini, hilo lina wenyewe. Mamia ya watu walichimba. Msimamizi wao, aliyekuwa fundi hodari wa kuitoa mifupa bila kuivunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007, karibu miaka 100 baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Ni heshima iliyochelewa, lakini inatuonyesha deni la mfupa wa mnyama liko wapi. Liko kwenye jina la mchimbaji. Mtu akiingia jumba la makumbusho na kushangaa ukubwa wa mjusi bila kuuliza nani alimbeba, ameshiriki kumsahau mbebaji. Basi, Karonga swali letu la kwanza litakuwa hilo: nani alichimba, nani alipika, nani aliokota, na je, majina yao yako ukutani au yako kwenye daftari la mtu ofisini?

Mfupa wa mtu ni kesi tofauti kabisa. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wajukuu wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin, iliyokuwa ikichunguza zaidi ya mafuvu 1,000 kutoka Afrika Mashariki, ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu ya Kilimanjaro. La Mangi Meli halikuwa mojawapo. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea kwenye makumbusho ya Majimaji akaomba radhi.

Hapo mimi sioni mjadala wa elimu. Mtu anayetafutwa na wajukuu zake si kielelezo. Ni marehemu ambaye hajazikwa. Sisi watu wa Kyela hatuhitaji kufundishwa hili. Kwetu msiba husimamisha kazi. Shamba linaachwa, duka linafungwa, watu wanalala nje siku kadhaa, na asiyefika anaulizwa alikuwa wapi. Kumwekea mtu namba ya wino kwenye paji la uso na kumfungia kabatini ni kuwanyima watu msiba wao, na hakuna utafiti unaoweza kulipa hilo.

Mwenzangu mmoja alinibana hapa, tena vizuri. Akasema: kama mfupa wa mtu si kielelezo, basi na lile taya la Uraha lizikwe. Si mtu lile? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Kweli, undugu unaishia wapi? Miaka 100 ni undugu. Miaka 1,000 je? Milioni mbili? Jibu nililofikia ni kwamba kipimo si umri wa mfupa. Kipimo ni kilio. Maadamu yupo mtu ambaye moyo wake unauma kwa ajili ya huyo aliyelala kabatini, anayemwita kwa jina, anayejua angemzika wapi, basi mfupa huo una mwenyewe na lazima urudi kwake. Taya la Uraha halina anayelililia, au tuseme wajukuu zake ni wengi mno: wewe, mimi, Msiska aliyeliokota na yule Mjerumani aliyelipima. Kwa hiyo ni halali kulitazama. Lakini litazamwe kama mtu anavyotazama picha ya babu wa mababu, si kama anavyotazama mnyama wa ajabu sarakasini.

Sasa njoo kwenye chungu, na hapa ndipo penye mtego wetu sisi vijana.

Ukipita Matema ukafuata ufuko kwa mtumbwi, milima ya Livingstone ikiwa imekuinamia upande wa kushoto, unafika Ikombe kwa Wakisi. Akina mama wa pale wanafinyanga vyungu kwa mikono, wanavichoma, wanavipakia mitumbwini na kuvileta sokoni. Kutoka hapo vinasambaa Kyela, Tukuyu na Mbeya. Wengi wetu tumekula maharage yaliyopikwa kwenye vyungu hivyo. Leo jikoni kumejaa sufuria za alumini na ndoo za plastiki, na vijana wanaokubali kujifunza kazi ile wanapungua. Chungu kama hicho kikiwekwa kwenye kioo, chenye taa juu yake na kibao chini yake, kinapendeza sana. Nasi tukikiona tunapumua. Tunasema: aa, kumbe kimehifadhiwa.

Hiyo pumzi ndiyo ninayoiogopa. Maana ni pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Tukishajua kwamba mahali fulani yupo mlinzi analinda chungu, tunajiona tumesamehewa kutokwenda Ikombe, tumesamehewa kutonunua, tumesamehewa kutomuuliza yule mama udongo anauchimba wapi na kwa nini mwingine hupasuka motoni. Chungu kimoja kikivunjika si hasara. Kesho kinafinyangwa kingine. Mfinyanzi akifa bila mwanafunzi, hiyo ndiyo hasara, na hakuna kabati la kuizuia. Jumba la makumbusho haliwezi kukumbuka kwa niaba yetu. Linaweza kutukumbusha tu, kama jina lake lisemavyo, na kukumbushwa ni kuanza kazi, si kuimaliza.

Nijuavyo vijana wenzangu, hapa mtu atadakia: basi makumbusho hayana maana, tukae nyumbani na bibi zetu, tuchape kijitabu. Taratibu, bwana. Tusijidanganye kwamba nyumbani pana utunzaji. Nyumbani kuna mchwa na mvua, na mvua ya Kyela mnaijua. Nyumbani bibi anafariki na sanduku lake linachomwa kwa sababu hakuna aliyejua kilichomo. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson waliishi hapa Unyakyusa wakiandika walichokiona na kusikia: vile vijiji vya rika ambamo vijana walijenga pamoja wakatoka kwa wazazi wao, mazishi, matambiko, masimulizi. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951. Madaftari yao yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo, mtu wa huku, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ni watu wachache tu wa Kyela wanaolijua jina lake. Inauma kwamba kijana wa Ipinda anayetaka kusoma maneno ya babu yake aliyoyasema mwaka 1935 inabidi aende Afrika Kusini. Lakini ukweli ni kwamba yasingeandikwa, asingeyapata popote. Anayewalaumu walioandika na ambaye mwenyewe hajaandika mstari mmoja, lawama yake ni nyepesi.

Kwa hiyo si suala la makumbusho au nyumbani. Suala ni jinsi ya kwenda. Na katika hili nataka nitoe mfano wa mbali sana, kutoka nchi za Aktiki, kule karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako wanaishi Wasami. Wanawake wa Kisami zamani walivaa kofia yenye pembe ya mbao kisogoni, inayoitwa ládjogahpir. Karne ya 19 ilipokuwa ikiishia kofia ile ilitoweka. Husimuliwa kwamba wahubiri waliona pembe ile ni makao ya shetani. Zilizobaki ziliishia kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya. Katika miaka ya karibuni msanii Outi Pieski na mwanaakiolojia Eeva-Kristiina Harlin walizifuata moja moja huko zilikokaa. Walizipima, wakatazama mishono kwa ndani, wakaangalia pembe ilivyochongwa, kisha wakarudi kwao wakakaa na wanawake wenzao na kuzishona upya. Leo zinavaliwa. Na mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Ufini ilirudisha zaidi ya vitu 2,000 vya Wasami kwenye jumba lao lenyewe la Siida, huko Inari, jumba ambalo, kama la Karonga, limeweka habari za viumbe na za watu chini ya paa moja.

Angalia tofauti. Wanawake wale hawakuingia makumbusho kutua mzigo. Waliingia kuubeba. Waliuliza swali ambalo mtalii haulizi: hiki kilishonwaje, na mimi naweza? Hiyo ndiyo namna ya kwenda ninayoitetea. Mtu akienda hivyo, kioo kinageuka dirisha la duka la fundi.

Kuna sharti jingine, chungu kidogo. Anayekwenda kusoma habari zake kwa jirani awe tayari kukuta kwamba katika habari hizo yeye si mwema. Sisi ni waandishi wa Kiswahili na tunakionea fahari, kwa haki. Lakini Karonga Kiswahili kina kumbukumbu nyingine. Miaka ya 1880 mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Mlozi, aliweka ngome yake karibu na mji huo. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde. Wengi waliuawa, wengine walitekwa. Vita vikapigwa na kuahirishwa kwa miaka, hadi Desemba 1895 Waingereza chini ya Harry Johnston walipoivunja ngome na kumnyonga Mlozi. Wafanyabiashara wale walisema lugha hii hii ninayoandikia. Waingereza nao hawakupigana kwa huruma tupu, maana ngome ilipoanguka nchi ilibaki mikononi mwao. Kijana wa Kyela akisimama Karonga na kusikia simulizi hiyo kutoka kwa Mngonde, afanye nini? Aanze kutetea lugha? Naona kazi yake pale ni kunyamaza na kusikiliza mpaka mwisho, kisha arudi aandike kwa Kiswahili kile Kiswahili kilichofanya. Fahari isiyoweza kusikia hayo ni majivuno tu.

Basi, mpango wangu wa safari ni huu, na nimeuandika kwa mpangilio ili wabishi waushambulie vizuri.

Kwanza, tusiondoke kabla ya kila mmoja kutembelea nyumbani. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema: kutembelea. Aende kwa mtu mzima mmoja akiwa na daftari na swali moja. Mmoja aende kwa wavuvi ufukweni, akaulize majina ya pepo za ziwa na dalili za kila mmoja; akaulize mbasa wanaanza lini kupanda mito, na wale inzi wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua wanaliwa na nani, wanapikwaje. Mwingine aende kwa bibi yake akaulize aina za ndizi, zipi za kupika, zipi za mgeni, zipi hazipandwi tena. Mwingine apande mtumbwi hadi Ikombe, na asirudi bila chungu alichokilipia. Asiyekuwa na ukurasa wa nyumbani asipewe nauli ya Karonga. Sharti hili ni kali kwa makusudi. Mtu asiyejua kilichopo kwao hawezi kuona kilichokosekana kabatini, na mara nyingi kilichokosekana ndicho chenye habari.

Pili, tusiende wote. Waende watu sita. Waondoke mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekwisha na barabara za vijijini zinapitika, ili hata yule wa Matema afike Kyela mjini mapema. Kila mmoja ashughulikie hati yake ya kusafiria mapema, asije akatuweka Kasumulu mchana kutwa akibembeleza maofisa. Kwacha zibadilishwe mahali halali, maana pesa ya kikundi ikiliwa na wababaishaji wa mpakani hakuna atakayetuelewa. Chakula tubebe cha kwetu.

Tatu, tukifika kila mmoja achague kitu kimoja tu. Si kuzunguka jumba zima kama watu waliopotea sokoni. Kitu kimoja, muda mrefu, maswali matatu: nani aliyekitoa, nani aliyeandika kibao chake, nani angelia kikipotea? Na mhudumu wa pale aulizwe kwa heshima, kama mzee anavyoulizwa, kwa sababu huenda yeye ndiye kabati lenye vitu vingi kuliko yote.

Nne, tukirudi, kila aliyekwenda asimame mbele ya yule mzee, bibi au mvuvi aliyemhoji kwanza, amsomee alichokiona. Huyo ndiye mhariri wetu wa kwanza. Akisema uongo, tuandike kwamba amesema uongo na kwa nini. Kurasa hizo, za nyumbani na za Karonga, ndizo zitakazokuwa kijitabu. Kitachelewa mwaka mmoja, labda miwili, kwa sababu pesa itakuwa imekwisha na itabidi tuanze kuchanga upya. Silifichi hilo. Wenzangu wanaotaka kuchapisha sasa wana hoja: wapo miongoni mwetu ambao hadithi zao ziko tayari na wamesubiri vya kutosha, na kuwaambia wasubiri tena ni kuwaumiza. Ninachowaambia ni kwamba nimesoma hadithi zetu zote, zangu zikiwemo, na karibu kila moja inatokea Dar es Salaam, mahali ambapo wengi wetu tumelala usiku mbili tatu kwa shemeji. Ziwa lipo mara mbili tu, na mara zote mbili jua linatua juu yake. Hakuna upepo wenye jina. Hakuna anayefinyanga.

Nirudi kwenye swali. Mtu aliyekwenda makumbusho, akatazama, akarudi bila lolote, amemkosea nani? Wafu hawadai kutazamwa. Mjusi hana habari. Nadhani aliyekosewa yu hai. Ni yule mzee aliyeketi barazani kilomita moja kutoka kwa kijana huyo, ambaye alikijua kitu kile kikiwa kinatumika na ambaye hakuulizwa, kwa sababu kijana aliamini maarifa yako ng'ambo ya mto tu, ndani ya jumba lenye tiketi. Na ni mtoto atakayezaliwa baadaye, atakayetaka kumuuliza mzee huyo na asimkute.

Kikundi kinakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi nitapiga kura ya kwenda, kwa masharti manne hayo. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Na kabla ya kuja, apitie kwa mtu mzima mmoja wa kwao, aje na ukurasa.